Mzizi wa Pembeni

Mwezi wa Agosti miti mingi ya Shinyanga haina jani. Mbuga zimepasuka, nyasi zimekauka hadi shina, na mgeni akiombwa atofautishe mti mmoja na mwingine atajibu kwamba yote ni kuni. Wachimba dawa wengi wa Usukuma hupenda kuingia porini msimu huo huo. Mizizi ya kiangazi ina maji machache, haivundi upesi, na wenyewe husema mti ukipukutisha majani nguvu zake zimeteremka chini. Kinachobaki ni kuutambua mti usio na jani wala ua, na hapo ufundi huanza kuonekana kwa mwenye subira ya kuutazama.

Mlungulungu hauhitaji macho. Shina lake lina vinundu vinene, kila kinundu na mwiba kwenye ncha, na aliyeuzoea anaweza kuujua gizani kwa kupapasa. Watu wa pwani huuita mjafari, na mizizi yake huchemshwa kwa ajili ya homa huku kwetu na Uganda pia. Mkalya hujitangaza puani: unga wa gome la mzizi wake huleta chafya mfululizo, ndiyo maana hunuswa na mwenye mafua mazito au kichwa kinachogonga. Mzigi hukwanguliwa mzizi kidogo tu, ukatoa harufu ambayo mchezaji yeyote wa mpira ataikumbuka, ya dawa ya kuchua misuli. Harufu hiyo haikufanana kwa bahati, kwani mzizi huo una methili salisileti, kemikali ile ile inayotiwa kwenye dawa za kuchua. Mlundalunda, unaotumika sana kwa maumivu ya tumbo, una maganda ya mbegu marefu ya mviringo yanayoning'inia hata majani yakiisha, na kiangazi kikielekea ukingoni huchanua maua ya njano kabla jani halijachomoza.

Lakini kabla ya mti kuna udongo. Wasukuma, wakulima na wafugaji kwa pamoja, wameigawa ardhi yao kwa majina ambayo mtaalamu wa kilimo hujifunza kwao kwanza ndipo afungue vitabu vyake. Luseni ni kichanga chepesi. Itogolo ni ardhi ngumu isiyopitisha maji kirahisi. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaonata masika na kufunguka nyufa kiangazi. Anayetafuta mzima, mti wenye majani ya rangi ya fedha ambao mizizi yake hutumika kwa tumbo la kuhara, hapotezi muda mbugani. Huelekea kwenye kichanga. Anayetaka gome la mgunga hushuka bondeni. Na mganga aliyebobea hatosheki kuupata mti. Hutaka pia kujua umekulia wapi, maana husema mti wa kichanga na ndugu yake wa bondeni haiwi mikali sawasawa ulimini. Mkemia angekubaliana naye, ila angetumia mashine kuyasema hayo.

Sasa jembe. Mchimba dawa aliyefunzwa vizuri haanzi shinani. Hurudi nyuma hatua kadhaa, hupiga goti, na kuondoa udongo taratibu hadi akutane na mzizi wa pembeni, ule unaotambaa karibu na uso wa ardhi. Mzizi mkuu unaozama wima hauguswi. Wa pembeni hufuatwa kwa vidole, udongo ukichambuliwa kando, mpaka upatikane unene unaofaa. Hukatwa kwa pigo moja safi, kisha fundi huhamia upande wa pili wa mti. Mizizi miwili iliyo jirani haikatwi. Kazi ikiisha, udongo hurudishwa shimoni na kukanyagwa ili jua na mchwa visilifikie jeraha. Mtu asiye na haraka akipita hapo baada ya mvua mbili hataona kwamba palichimbwa.

Magome nayo yana adabu yake. Wengi huchukua kipande upande jua linakochomoza na kingine upande linakozama, na ukiwauliza sababu watakutajia jua, wazee, na nguvu za asubuhi na za jioni. Mimi huipenda kanuni hiyo kwa sababu nyingine. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka mizizini kupitia gome la ndani. Ukilibandua kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Aliyefundishwa kutoa vipande viwili vinavyotazamana, mashariki na magharibi, hawezi kuuzungushia mti kisu hata akitaka. Sijui mzee gani aliyeitunga, lakini alijua kwamba vijana husikiliza habari za jua kuliko habari za utomvu.

Wasukuma wenyewe wana simulizi la Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma na mtu wa maajabu aliyefungwa na Wajerumani, ambaye inasemekana aliweza kukausha miti kwa kuinyooshea kidole. Ni hadithi nzuri ya kusimuliwa usiku. Kwa mchimba dawa, uwezo huo ungekuwa hasara tupu.

Upande wa Geita kuna wachimbaji wengine. Dhahabu ya huko ilianza kuchimbwa kwa mashine tangu miaka ya 1930, mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pembeni mwa mgodi huo, katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamagasa, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara yaliyoshikiliwa na matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Mawe hupandishwa, hupelekwa kwenye karasha, husagwa, hufikishwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa, na dhahabu hunaswa kwa zebaki ambayo baadaye huchomwa juu ya moto. Duara likikauka mali huachwa wazi, na matimba yake hubaki humo. Nisieleweke vibaya: dhahabu hiyo imejenga nyumba na kusomesha watoto wengi. Lakini gogo linaloshushwa chini kuzuia kifusi lilikuwa mti, na mara nyingi ni mti ambao mwingine alikuwa akiutembelea kwa jembe dogo kila kiangazi.

Wachimbaji hao pia ni wagonjwa wa mchimba dawa. Huja na migongo iliyochoka, matumbo, vidonda visivyofunga, kichocho, homa, na kikohozi. Kwa kikohozi ndipo napenda kumpima mganga. Vumbi la mawe likizama kwenye mapafu haliondolewi na mzizi wowote. Kifua kikuu kinachowapata sana watu wa migodini kinataka vidonge vya hospitali kwa miezi, bila kuruka siku. Na mikono inayotetemeka kwa sumu ya zebaki haitulizwi kwa majani. Mganga anayemwambia kijana wa mwaloni, "Hii si yangu, baba, nenda wakakupime makohozi," amefanya kazi yake vizuri kuliko yule aliyempa chupa tatu. Fundi wa kweli anajua mahali ufundi wake unapoishia, na mpaka huo hujulikana kwa kusikiliza wagonjwa miaka mingi.

Kusikiliza huko kuna utaratibu. Mgonjwa hafikii dawa moja kwa moja. Kwanza salamu, "Ng'wangaluka, mayu," naye huitikia, huulizwa anakotoka na watu wa ukoo wake, kisha maswali huanza kuzunguka. Maumivu huja kabla ya kula au baada? Usiku hulala upande gani? Mkojo una rangi gani? Mtoto wa mwisho ana umri gani, na je, kuna mwingine njiani? Umekwisha kunywa nini, cha duka au cha jirani? Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na swali la ujauzito ndilo linalofichwa zaidi kuliko yote, huku ndilo linaloamua dawa ngapi zitaondolewa kwenye orodha papo hapo. Nesi wa zahanati huuliza maswali haya haya. Tofauti ni kwamba nesi ana foleni ya watu arobaini nje, na mganga ana asubuhi nzima.

Tukirudi kwenye mzizi: umefika nyumbani na kazi kubwa bado. Huoshwa, hupasuliwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka mzima unakuwa mgumu wa kutoboka kwa shoka. Huanikwa kivulini. Anayeanza kazi hii hushangaa hapo, maana jua la Shinyanga lingemaliza kazi kwa siku mbili. Lakini mafuta yanayobeba harufu hupaa na jua, na mlungulungu uliokosa harufu una shaka. Kivuli nacho kina hatari yake: hewa isipopita, vipande hushika ukungu, na dawa yenye ukungu ni ugonjwa mwingine. Kwa hiyo huwekwa juu ya kichanja, hugeuzwa asubuhi na jioni, havilundikwi. Vikilia vinapovunjwa, huingia kinuni, hutwangwa, huchekechwa, chenga hurudishwa kinuni tena. Unga uliokusudiwa kunuswa hutakiwa uwe laini kuliko ule wa kuchemshwa. Zamani ulihifadhiwa kwenye vibuyu, ambavyo hupumua. Siku hizi ni chupa za maji za plastiki, na unga ukitiwa humo kabla haujakauka sawasawa huharibika ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

Halafu kipimo. Hapa ndipo wanaobeza dawa za miti hupata hoja yao kali zaidi, na wana haki. Mizizi ya miti miwili haifanani nguvu, na kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine. Mzigi ni mfano mzuri: mti unaosifiwa kwa maumivu ndio huo huo ambao mzizi wake ukizidishwa huua. Mafundi ninaowaheshimu hulijibu jambo hili kwa mwendo wao. Huanza na kidogo. Huonja wenyewe kwa ncha ya ulimi kabla ya kutoa. Husema, "Leo funda moja, kesho uje uniambie," na kesho ikija husikiliza, ndipo huongeza au huacha. Dawa ya mtoto hawaipimi kwa kugawa ya mkubwa nusu. Mara nyingi hukataa kumpa mtoto mizizi kabisa, wakabaki na majani na maji ya kuogea. Wale wa stendi na minadani, wenye kipaza sauti na unga mmoja unaotibu sukari, presha, nguvu za kiume na bahati mbaya, hawana kesho. Mteja akipanda basi la Kahama habari zimeisha.

Wasukuma huongeza jambo moja ambalo mkemia hatalipata kwenye mizani yake. Katika bugota, yaani dawa, huweza kutiwa shingila, kiungo kidogo ambacho kazi yake ni kuifungulia dawa njia, kuipa mwelekeo na maana. Mwanaanthropolojia Koen Stroeken, aliyeishi na kujifunza Usukuma, ameliandika kwa kirefu. Unaweza kuliita imani na ukapita. Mimi huona kwamba mgonjwa aliyeelezwa dawa yake inakwenda kufanya nini, kwa lugha anayoielewa, huimaliza dozi yake.

Sifa za waganga wa huku hazikuanza jana. Ngoma mbili kubwa za Usukuma, Bagalu na Bagika, zinatokana na Gumha na Ngika, mabingwa wa dawa wa karne ya 19 walioshindana kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wakapima kwa kucheza, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, na mashindano hayo yanaendelea hadi leo baada ya mavuno. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, kina mafunzo yake ya dawa za kuumwa na nyoka. Pale Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement, mgeni ataonyeshwa nyumba ya mganga pamoja na ngoma na viti vya watemi. Inavutia, ila ufundi uliokaa nyuma ya kioo hauna harufu.

Siwezi kusifu hivi nikaruka aibu ya mikoa hii. Shinyanga, Geita na Mwanza zimebeba jina baya kwa mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi na, hasa kuanzia mwaka 2007, mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, yakichochewa na wapiga ramli waliowaahidi watu utajiri wa haraka, wakiwemo watu wa madini. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku tena wapiga ramli. Mchimba mizizi na mpiga ramli chonganishi waliwekwa kapu moja. Wa kwanza akichimba hukuambia ni mti gani. Wa pili hukuambia ni jirani gani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliweka baraza la kuwasajili wanaotibu, na kusajiliwa huko ndiko kunakomlinda fundi asichanganywe na muuaji. Anayechukia fomu kwa kuwa babu yake hakuzijaza hajaona hatari iliyopo mlangoni.

Macho mekundu yalitosha kumhukumu kikongwe. Na macho ya bibi wa Shinyanga yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia samadi, na alipikia samadi kwa sababu kuni zilikwisha.

Jinsi zilivyokwisha ni historia yenye nia njema nyingi. Miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o hapo Shinyanga, alisimamia ufyekaji wa vichaka ili mbung'o wapungue na ng'ombe wapone. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulifyeka zaidi. Pamba ikataka mashamba, ng'ombe wakaongezeka, na vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikawatenga watu na ngitili zao. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakakua bila kulishwa, kisha hufunguliwa kwa sehemu kiangazi kinapobana. Zilipoachwa, Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Ngitili zilizokuwa zinajulikana wakati huo zilifika hekta 600 hivi. Baada ya miaka kumi na kitu zilizidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Siri haikuwa miche. Watu waliufunga tu mpaka, wakaacha visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vichipue vyenyewe, na dagashida, baraza la jadi, likaweka faini kwa anayepitisha mifugo. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ripoti nyingi husifu nyasi, kuni na asali zilizorudi. Zilirudi na dawa. Mama anayeishi karibu na ngitili huchuma mboga za porini na mlenda, hukusanya ukwaju wa kutia kwenye uji, na baba mkwe wake hupata mlundalunda bila kulala njiani. Afya ya kaya nzima hukaa kwenye kipande hicho kilichofungwa.

Mambo haya hufanya kikombe cha Loliondo kionekane cha ajabu zaidi. Mwaka 2011 taifa lilimiminika Samunge, huko Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila kunywa maji ya mugariga, shilingi 500, mti mmoja kwa magonjwa sugu yote. Sikejeli waliokwenda, wenye maumivu huenda kokote. Ila mchimba dawa wa Usukuma hujivunia kinyume chake, kwamba kwa tumbo pekee ana miti kadhaa, na hatataja hata mmoja kabla ya kuuliza ni tumbo la namna gani.

Wanasayansi wamemfuata huko porini. Muhimbili ilianza kitengo cha tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 1999 kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilichapisha Nairobi kazi ya Dery, Otsyina na Ng'atigwa iliyojishughulisha na maarifa ya miti ya dawa ya Shinyanga, na ipi ipewe kipaumbele kupandwa majumbani. Kwa wengi hilo lilikuwa jambo jipya: dawa ilikuwa kitu cha kufuatwa, si cha kuoteshwa.

Kuotesha nako ni darasa la peke yake. Mlundalunda hauna tabu sana: mbegu zake ngumu zikimiminiwa maji ya moto na kulazwa humo hadi asubuhi, au zikichubuliwa ganda kidogo, huchipua. Mlungulungu ni mkaidi, mbegu zake nyingi hukataa kuota. Kwa mkaidi wa namna hiyo njia nyepesi ni kutafuta miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa, kuing'oa na bonge la udongo wake mvua za Novemba zikianza, na kuizungushia miiba, kwa kuwa mbuzi wa Shinyanga hajui mpaka kati ya lishe na dawa. Mizizi yake itachukua miaka mingi kufikia unene wa kuchimbika. Majani, hata hivyo, hunukia limau na huchemshwa kama chai, hivyo mwenye mche halazimiki kungoja mzizi.